Mashine ya vidole na orodha ya zamu: kisa cha ghala moja la chai Mombasa

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya wenye biashara na maafisa wa wafanyakazi ambao kila siku wanaambiwa walete ubunifu katika kuongoza watu. Jina la kampuni, mtaa wake na majina ya wahusika nimeyaondoa, na baadhi ya idadi nimezisogeza kidogo ili mtu asitambulike. Niliitwa kama mshauri, nikafanya kazi na kampuni hiyo kwa vipindi katika muda wa miezi minane. Pale nilipokosea mimi mwenyewe nitasema.

Usuli

Ghala liko upande wa bara, nje ya kisiwa, katika ule ukanda wa maghala na yadi za makontena ambako malori hayakatiki usiku na mchana. Chai inayoingia humo imenunuliwa mnadani. Mnada wa Mombasa hauuzi chai ya Kenya peke yake. Huuza pia ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na kwingineko, na wanunuzi wakubwa wako Pakistan, Misri na Uingereza. Ikifika ghalani, magunia ya karatasi hukatwa, chai humwagwa katika pipa kubwa linalozunguka, BP1 ya kiwanda hiki ikachanganywa na PF1 ya kile (haya ni majina ya madaraja ya chai) kwa vipimo alivyotaka mnunuzi. Kisha hufungwa upya, hupangwa kwenye paleti na kupakiwa ndani ya kontena.

Kazi yenyewe hupanda na kushuka. Mnada ukiwa mzuri, na hasa siku mbili tatu kabla meli haijafunga kupokea mizigo, ghala huhitaji watu 140 kwa siku. Wiki ikiwa kavu, 50 wanatosha. Kampuni ilikuwa na waajiriwa wa kudumu 38: waendesha forklifti, mafundi, watu wa ofisini, wapimaji na walinzi. Wengine wote walikuwa vibarua wa kutwa, wengi wao wanawake, na walichaguliwa getini kila asubuhi.

Siku yangu ya kwanza sikwenda ofisini. Nilisimama nje ya geti saa kumi na mbili kasoro. Watu walikuwa wamekwisha kujaa, wamejipanga ukutani kuepuka matope ya malori. Karibu yangu alikuwa mama mmoja wa makamo, nitamwita Bi. M. Alikuwa amevuka feri ya Likoni kabla ya saa kumi na moja, amepanda matatu mbili, na mjukuu amemwacha kwa jirani. Saa moja kasorobo mnyapara akatoka. Hakuwa na karatasi. Alinyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe mwenye leso ya manjano. Dakika kumi, geti likafungwa. Waliobaki nje walikuwa zaidi ya walioingia. Bi. M alibaki. Aliketi kwenye tofali, akahesabu sarafu zake, akaniambia, "Mwanangu, leo nimelipa nauli kuja kuangaliwa uso."

Alikuwa akifanya kazi katika ghala hilo kwa mwaka wa sita.

Ofisini, neno "ubunifu" lilimaanisha nini

Mkurugenzi ni kijana aliyepokea kazi kutoka kwa babake. Alikuwa amehudhuria semina ya siku mbili katika hoteli moja upande wa Nyali, akarudi na azma ya kweli ya kubadilisha mambo. Hili nalisisitiza kwa sababu wasomaji hupenda kumtafuta mbaya katika visa kama hivi. Huyu hakuwa mbaya. Alikuwa ameona kwamba magunia yanachanika kwa wingi, watu wapya wanafundishwa kazi ileile kila wiki, na siku za meli hupatikana wale ambao mikono yao haijazoea.

Kabla ya lolote, niliwauliza wakuu watano, mmoja mmoja, wanaelewa nini kwa ubunifu katika usimamizi wa wafanyakazi. Mkurugenzi alijibu kwa neno moja: teknolojia. Mhasibu alisema ni njia ya kupunguza gharama ya mishahara bila kelele. Afisa wa wafanyakazi alisema ni kufanya mambo kama yanavyofanywa na kampuni kubwa za Nairobi. Mkuu wa uchanganyaji, mzee aliyeonja chai kwa miaka mingi kuliko umri wa mkurugenzi, alisema hayo ni ya ofisini, kwao ghalani kuna chai tu. Mnyapara alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Ni njia ya kuniondoa mimi."

Majibu matano, na ni la mnyapara peke yake lililogusa swali la nani anaamua. Wale wengine wanne walizungumzia vitu, fedha, sifa, au mahali pengine. Wakati ule sikulipa jibu lake uzito uliostahili.

Mashine yafika

Semina ilikuwa imempa mkurugenzi mambo matatu, na yote matatu yalianza mwezi mmoja: mashine ya alama za vidole getini, programu ya simu ya kuitia watu zamu, na picha ya mfanyakazi bora wa mwezi ukutani kwenye kantini. Picha ilidumu miezi miwili, ikaachwa, na sina la kuongeza juu yake. Mengine mawili yanahitaji kuelezwa polepole.

Mashine ilifungwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi foleni ilifika barabarani. Anayeshika magunia ya karatasi na vumbi la chai kwa miaka sita, ncha za vidole vyake huwa laini kama upande wa nje wa kikombe. Bi. M aliweka kidole cha shahada, taa ikawaka nyekundu, na sauti ya kike ya Kiingereza ikamwambia ajaribu tena. Akakipangusa kwenye leso. Nyekundu. Akaenda bombani, akasugua vidole kwa ndimu aliyopewa na mwenzake, akarudi nyuma ya foleni. Ilipofika zamu yake ya pili saa ilikuwa imepita saa moja na nusu, na mashine ilipomkubali hatimaye ilimwandika kuwa amechelewa. Walioandikwa kuchelewa walikatwa robo ya kutwa. Ambaye hakusomwa kabisa alihesabiwa hakuja, hata kama jasho lake lilionekana na kila mtu ghalani.

Upande wa sheria, kampuni ilikuwa imeruka hatua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, ya mwaka 2019, inahesabu taarifa za kibayometriki kuwa data nyeti, na inamtaka anayezikusanya amweleze mwenyewe zinachukuliwa kwa nini na zitatumiwaje. Vibarua waliambiwa tu, "Weka kidole hapo." Nilipouliza alama hizo zinahifadhiwa wapi na zitafutwa lini mtu akiondoka, hakuna aliyekuwa na jibu. Muuzaji wa mashine alikuwa na nywila. Kampuni haikuwa nayo.

Programu ya simu nayo ilihitaji simu ya kisasa na bando. Wanawake wengi getini walikuwa na kabambe, zile simu ndogo za vitufe. Ujumbe uliingia kwa Kiingereza saa tatu usiku, ukimtaka mtu athibitishe ndani ya saa moja. Asiyethibitisha, nafasi yake ilikwenda kwa mwingine. Na ni nani aliyepanga majina ndani ya programu? Afisa wa wafanyakazi hakuwajua vibarua kwa sura wala kwa kazi, kwa hiyo kazi ya kuingiza majina alipewa mnyapara. Kidole kilichokuwa kikichagua getini sasa kilichagua kwenye kioo cha simu. Waliokuwa wakimpa kitu kidogo mkononi wakaanza kumtumia kwa M-Pesa. Aliyenieleza haya hakunong'ona, alisema mbele ya wenzake wanane wakati wa chakula cha mchana, kwa sababu lilikuwa jambo linalojulikana.

Wiki ya meli

Mwezi wa tatu tangu mashine ifungwe kulikuwa na oda ya makontena kadhaa kwenda Karachi, na meli ilikuwa ikifunga mapokezi Alhamisi. Jumatatu malipo ya wiki iliyopita yakatoka. Bi. M alikuwa amefanya kazi siku sita, akalipwa tatu. Wengine kumi na moja walikuwa na hesabu kama yake. Walikwenda kwa afisa wa wafanyakazi, akawaonyesha karatasi iliyochapwa na mashine. "Mfumo hauwezi kudanganya," aliwaambia.

Jumanne saa nne asubuhi, wanawake waliokuwa kwenye meza za kufungia walishusha mikono. Hawakupiga kelele, hawakutoka nje. Waliketi chini kwenye paleti tupu, na pipa likaendelea kuzunguka na chai ambayo hakuna wa kuipokea mpaka mkuu wa uchanganyaji alipolizima. Vijana wa kupakia makontena wakakosa cha kupakia.

Msimamizi wa usafirishaji alitaka waite watu wengine kutoka getini, na walikuwapo wa kutosha. Mkurugenzi alikaribia kukubali. Kilichomzuia ni yule mzee wa uchanganyaji. Alimwambia kwamba watu wa getini watachanganya lebo, na gunia moja la PD, daraja jingine, likiingia katika oda ya PF1 mnunuzi atalirudisha kontena zima. "Bora uchelewe na meli kuliko uharibu jina la babako."

Mkurugenzi akashuka ghalani. Aliketi kwenye paleti pamoja nao, na nadhani huo ndio uamuzi bora aliofanya mwaka ule. Bi. M akamwambia, "Mwanangu, hii mashine yako sisi hatuna ugomvi nayo. Tunataka tujue kesho tunakuja au hatuji. Na tukija, tuhesabiwe." Sentensi hizo mbili za mwisho zilikuwa na kila kitu ambacho semina ya siku mbili haikugusa.

Saa saba mchana kazi ilirudi, baada ya mkurugenzi kuahidi kulipa siku zilizokatwa kabla ya jioni. Alilipa kwa M-Pesa saa kumi na moja. Kontena mbili zilichelewa meli hiyo, zikapanda inayofuata.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mwepesi: mashine isiwe tena msingi wa malipo. Kila meza ikapewa daftari, mkuu wa meza anaandika, mfanyakazi anatia sahihi au alama. Mashine ilibaki kwa waajiriwa wa kudumu walioridhia kuitumia, baada ya kuelezwa kwa Kiswahili kinachochukuliwa ni nini. Alama za vibarua zilifutwa, na kampuni ikachukua nywila yake kutoka kwa muuzaji.

Wa pili ndio uliokuwa kiini cha mambo, na wazo halikutoka kwangu wala ofisini. Katika kikao cha kwanza na wawakilishi wa vibarua niliwaletea mpango wa kuwapanga watu kwa alama: mahudhurio, kasi, magunia yaliyochanika. Niliutengeneza kwa siku tatu na nilijivunia. Walinisikiliza kwa heshima. Kisha mmoja wao, mweka hazina wa chama chao cha akiba, akauliza kwa nini zamu zisiende kama pesa za chama zinavyokwenda. Kwenye chama, namba hutolewa kwa kura mbele ya wote mwanzoni mwa mwaka. Kila mmoja anajua mwezi wake wa kupokea. Mwenye shida hubadilishana namba na mwenzake, mweka hazina anaandika, na hakuna anayempigia mwenyekiti magoti. Wamefanya hivyo kwa miaka na fedha zao wenyewe, na hazijawahi kupotea.

Tukauweka mpango wangu kando.

Orodha ikawa na watu 110 waliokuwa wamefanya kazi hapo kwa zaidi ya mwaka, wakathibitishwa na wenzao wa meza pamoja na mkuu wa uchanganyaji. Namba zilitolewa kwa kura kutoka kwenye sufuria ya kantini, hadharani. Kila siku saa nane mchana ofisi inatangaza kesho wanahitajika wangapi. Ikiwa ni 60, orodha inaanzia ilipoishia jana na kuhesabu 60. Tangazo linabandikwa getini na kutumwa kwa ujumbe mfupi wa Kiswahili unaosomeka kwenye simu yoyote. Kubadilishana kunaruhusiwa mpaka saa mbili usiku, mradi wote wawili wamjulishe karani. Mkurugenzi alihofia kwamba wazembe watajificha ndani ya mzunguko. Tulikubaliana kwamba kosa la kazi lishughulikiwe kama kosa, kwa mtu kuitwa, kuelezwa na kusikilizwa akiwa na mwenzake, badala ya kuadhibiwa kimyakimya kwa kutochaguliwa kesho yake.

Wa tatu ulikuwa mgumu, na ulikaribia kuvunja kila kitu. Wakili wa kampuni aliposikia habari za orodha alishtuka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaja kibarua kuwa ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake hufikia mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotarajiwa kumalizika ndani ya muda ambao jumla yake ni miezi mitatu, ajira yake huhesabiwa kuwa ya mshahara wa mwezi, na kumwachisha kunahitaji notisi ya siku 28. Kampuni ilikuwa na desturi ya "kuwapumzisha" watu kila baada ya wiki tatu hivi ili siku zisiungane. Orodha, alisema wakili, ni ushahidi ambao tunautengeneza kwa mikono yetu.

Alikuwa sahihi. Lakini mashine ya vidole nayo ilikuwa ushahidi, wa kidijitali, wa kila siku na kila dakika. Kampuni ilikuwa imelipia mtambo wa kuandika kwamba watu wake si vibarua, huku ikiendelea kuwaita vibarua. Nilipoliweka jambo hivyo mezani, palikuwa kimya kwa muda.

Mhasibu alileta hesabu: NSSF ambayo mwajiri huchangia asilimia 6, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Akaweka pia, kwa kuombwa na mkurugenzi, hesabu ya pili ambayo hakuwa amewahi kuifanya: magunia yaliyochanika, saa za kufundisha watu wapya, kontena mbili zilizokosa meli. Hesabu ya pili haikuizidi ya kwanza. Ilikaribia. Mkurugenzi aliamua kuwapa mikataba ya maandishi watu 52, wale ambao kazi yao ipo sehemu kubwa ya mwaka, na waliosalia wabaki kwenye orodha ya mzunguko kwa msimu. Alisema hataki tena kumwomba mtu wa miaka sita awe mgeni kila asubuhi. Wakili aliandika mikataba.

Wa nne ulimhusu mnyapara. Wengi walitaka afukuzwe. Mimi nilipinga, kwa sababu mbili: sheria inataka mtu asikilizwe kabla ya kuachishwa, na pia yeye peke yake ndiye aliyejua nani anaweza kushona gunia kwa kasi, nani ana mgongo mbaya, nani hapatani na nani. Alisikilizwa, akakiri sehemu, akapewa onyo la maandishi na kazi mpya ya kufundisha wanaoanza. Madaraka ya kuchagua yaliondolewa kwake kabisa.

Matokeo

Baada ya miezi minne magunia yaliyochanika yalikuwa yamepungua kiasi cha kuonekana na kila mtu bila takwimu: rundo la yaliyotupwa nyuma ya ghala, ambalo zamani lilifika dirishani, halikupita goti. Siku za meli hazikuhitaji watu wa getini tena. Malalamiko ya malipo yalibaki machache, karibu yote yakiwa makosa ya kuandika daftari.

Mwezi wa Ramadhani ulionyesha jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Wanawake Waislamu walibadilishana na wenzao Wakristo ili watoke mapema wakapike futari. Desemba wenzao wakarudishiwa. Karani aliandika mabadilishano mengi Ramadhani ile, na hakuna zamu iliyokosa mtu. Ofisi haikutoa agizo lolote. Zamani, Ramadhani ilikuwa mwezi wa ugomvi na watu kutoroka kazini saa kumi.

Mnyapara alidumu miezi mitatu katika kazi yake mpya, akaondoka kwa hiari. Alikuwa mwalimu mzuri, na nasikitika kwamba hatukufikiria mapema jinsi ya kumlipa heshima aliyopoteza.

Kuna waliopoteza zaidi yake. Wale waliokuwa wakija getini chini ya mwaka mmoja, vijana hasa, walikuta orodha imefungwa. Waliendelea kuja kwa wiki kadhaa, wakisimama palepale ukutani, mpaka mlinzi akawaambia wasije. Hili ni kosa langu. Nilishughulika na haki ya walio ndani, sikuuliza orodha itafunguliwaje kwa walio nje.

Uchambuzi

Mwongozo wa OECD, jumuiya ya kiuchumi ya nchi zilizoendelea, wa kupima ubunifu, uitwao Oslo Manual, uliingiza ubunifu wa namna ya kuendesha shughuli na kupanga kazi katika toleo lake la tatu la mwaka 2005. Humo jambo halihitaji kuwa geni duniani; inatosha liwe jipya kwa kampuni yenyewe, na liwe limetumika kweli. Kwa kipimo hicho, mashine ya vidole iliyofungwa Jumamosi ilikuwa kifaa kipya juu ya mpango wa zamani. Aliyeamua jana ndiye aliyeendelea kuamua. Daftari na sufuria ya namba, vitu ambavyo ungevikuta Mombasa miaka 80 iliyopita, ndivyo vilivyobadilisha mpango.

Na miaka 80 iliyopita swali lilikuwa hilihili. Januari 1947 mji huu ulisimama kwa mgomo mkuu, makuli wa bandari wakiwa mstari wa mbele, na kutokana na mgomo huo Chege Kibachia na chama cha wafanyakazi alichokiongoza, African Workers' Federation, wakajulikana. Mishahara na gharama ya maisha ndiyo iliyotajwa sana, lakini nyuma yake kulikuwa na maisha ya kutwa: leo umeitwa, kesho hujaitwa. Katika miaka ya 1950 bandari ilielekea kuandikisha watu na kupunguza kazi ya kutwa. Wazee wa Mombasa wanalijua hili bila kusoma. Mzee wa uchanganyaji aliniambia babake alikuwa na namba bandarini na aliitaja kama mtu anavyotaja ukoo wake. Biashara ya Mombasa inayotafuta ubunifu wa kuongoza watu ina hazina hiyo nyumbani, na mara nyingi inapanda ndege kwenda kuitafuta kwingine.

Kilichofanya orodha ifanye kazi, kwa maoni yangu, ni kwamba ilitoka katika kitu ambacho watu walikwisha kukiamini. Chama kilikuwa kimewafundisha kanuni zote: hadharani, kwa zamu, kwa kubadilishana, na mwandishi mmoja anayeweza kuulizwa. Hatukulazimika kufundisha chochote. Programu ya simu ilikuwa na kanuni zake pia, lakini zilikuwa zimefichwa, na kanuni iliyofichwa hufasiriwa na mwenye ufunguo.

Je, teknolojia ilikuwa kosa? Hapana. Ujumbe mfupi wa saa nane mchana ni teknolojia, na ndio uliomwokolea Bi. M nauli na usingizi. Malipo ya M-Pesa jioni ileile yalituliza mgogoro ambao bahasha za Jumatatu zisingeutuliza. Tofauti ni kwamba mashine ya vidole ilijibu swali la ofisi, yaani nani ananiibia muda, nayo ikaletwa kwa watu ambao swali lao lilikuwa jingine kabisa. Nimeona tena hali hiyo katika kampuni nyingine mbili za hapa, moja ya usafirishaji na moja ya hoteli: kifaa kinanunuliwa kujibu shaka ya mwenye mali, kisha watu wanalaumiwa kwa kutokipokea.

Ipo hoja dhidi yangu ambayo naipa uzito. Mhasibu alisema, na bado anasema, kwamba mafanikio haya yameletwa zaidi na mikataba 52 kuliko na orodha. Mpe mtu uhakika wa kipato na atashika gunia kwa uangalifu, upige kura ya namba usipige. Inawezekana. Mambo mawili yaliingia karibu wakati mmoja na siwezi kuyatenganisha kwa haki. Ninachoweza kusema ni kwamba mabadilishano ya Ramadhani yalifanywa zaidi na walio nje ya mikataba, na wao ndio walioilinda orodha kwa ukali kuliko wote. Mara moja karani alimruka mtu mmoja kwa bahati mbaya, na kabla ya saa tisa walikuwa wamefika watatu kumwonyesha.

Jambo la kuwafungulia walio nje lilishughulikiwa mwishoni mwa muda wangu. Ikakubaliwa kwamba kila miezi sita, nafasi za walioondoka zitajazwa kwa majina yaliyoandikishwa getini, yakitolewa kwa kura hadharani, na kwamba kila anayeandikishwa apewe karatasi yenye namba yake ili asilazimike kuja kusimama ukutani. Kura ya kwanza ilikuwa ya nafasi kumi na mbili. Walioandikishwa walizidi 90. Sufuria ilikuwa ileile ya kantini, na aliyeombwa kuingiza mkono alikuwa Bi. M, ambaye sasa ana mkataba na haji tena kabla ya saa moja kasoro dakika tano. Alitoa karatasi moja moja, akasoma kila namba kwa sauti mara mbili, kwa sababu kulikuwa na upepo na wengine walikuwa wamesimama mbali.